Mkanda wa Usalama: Kanuni ya Gari la Ofisi Ifike Hadi Gari la Familia

Na Mwandishi Wetu

Safari ya kikazi katika ofisi nyingi hutanguliwa na kibali, mafuta na ukaguzi wa gari. Kufunga mkanda wa usalama, jambo lisilogharimu fedha na linalochukua sekunde chache tu, mara nyingi huachwa kwa hiari ya msafiri, hasa anayeketi kiti cha nyuma. Makala haya yanaeleza kwa nini kila taasisi inapaswa kulifanya jambo hilo kuwa kanuni, na namna mtumishi anavyoweza kuifikisha kanuni hiyo nyumbani kwake.

Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kuwa watu wapatao milioni 1.19 hupoteza maisha kila mwaka kutokana na ajali za barabarani, na kwamba ajali hizo ndizo zinazoongoza kwa vifo vya watoto na vijana wenye umri wa miaka 5 hadi 29. Kwa mujibu wa Shirika hilo, kufunga mkanda kunaweza kupunguza hatari ya kifo kwa waliomo ndani ya gari kwa hadi asilimia 50.

Mkanda unavyofanya kazi

Gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa likigonga kitu kigumu, husimama ghafla. Mwili wa asiyefunga mkanda huendelea mbele kwa mwendo uleule. Mgongano huo ni sawa na kuanguka kutoka urefu wa takriban mita 10. Mkanda unaopita begani, kifuani na nyongani, uliobuniwa mwaka 1959 na mhandisi Nils Bohlin wa kampuni ya Volvo ya Sweden, huuzuia mwili na kuigawa nguvu hiyo kwenye mifupa imara.

Nguvu hiyo haichagui kiti. Abiria wa nyuma asiyefunga mkanda hurushwa mbele na anaweza kumuua aliyeketi mbele yake, hata kama huyo amefunga wa kwake.

Wajibu wa mwajiri na wa dereva

Sheria ya Usalama Barabarani, Sura ya 168, inamtaka dereva na abiria wa kiti cha mbele kufunga mkanda. Aidha, Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inampa mwajiri wajibu wa kulinda usalama wa wafanyakazi wake. Mtumishi aliye safarini kwa shughuli za ofisi yuko kazini sawa na aliyeketi mezani pake.

Ugumu huonekana pale mkubwa wa kazi anapoketi nyuma bila kufunga mkanda, na dereva akaona haya kumkumbusha. Ndiyo maana ni vyema waraka wa ndani wa taasisi ukatamka wazi kuwa gari haliondoki mpaka wote wamefunga mikanda, bila kujali cheo. Kwa namna hiyo dereva hatamwamrisha mkubwa wake. Atakuwa anatekeleza waraka. Kiongozi anayefunga mkanda kabla ya kukumbushwa humwondolea dereva mzigo huo kabisa.

Maofisa usafirishaji nao wahakikishe kuwa mikanda ya viti vyote inafanya kazi, haijafichwa chini ya vitambaa vya viti, na kwamba iliyokuwa imefungwa wakati wa ajali kubwa inabadilishwa.

Kuufunga kwa usahihi

Sehemu ya chini ya mkanda ipite kwenye nyonga, si tumboni. Sehemu ya juu ipite katikati ya bega na kifuani. Isipitishwe chini ya kwapa wala nyuma ya mgongo. Mjamzito apitishe sehemu ya chini chini ya tumbo, na ya juu katikati ya matiti. Mkanda mmoja ni wa mtu mmoja.

Watoto nyumbani

Familia nyingi husafiri kwenda vijijini mwishoni mwa mwaka zikiwa na watoto mapajani. Mtoto mwenye uzito wa kilo 10, gari likisimama ndani ya sehemu moja ya kumi ya sekunde kutoka mwendo wa kilomita 50 kwa saa, huvuta kwa nguvu inayolingana na uzito wa takriban kilo 140. Hakuna mzazi awezaye kumshikilia. Kumfunga pamoja naye katika mkanda mmoja ni hatari zaidi, kwa kuwa mwili wa mzazi humbana mtoto dhidi ya mkanda.

Mtoto mdogo aketishwe kiti cha nyuma, katika kiti maalumu cha watoto kinacholingana na umri na kimo chake. Kiti cha mtoto mchanga kinachotazama nyuma kisiwekwe mbele ya mfuko wa hewa unaofanya kazi.

Taasisi zinaweza kutumia vikao vya wafanyakazi, mabonanza na siku za familia kuonesha kwa vitendo namna ya kufunga mkanda na kumketisha mtoto. Mtumishi aliyezoea kutoondoka na gari la ofisi kabla wote hawajafunga mikanda, awe na desturi hiyohiyo anapoondoka na mwenza wake na watoto.