Kama Ilivyokutwa

Wanaokusanya kofia za chuma za Vita Kuu ya Kwanza huithamini kuliko zote ile ambayo hakuna mkono uliowahi kuisugua. Vumbi lake, kutu yake, jasho lililokaukia kwenye ngozi ya ndani, vyote vipo. Kofia ya namna hiyo tuiiteje?

“Kofia chafu” ni kuitukana. “Ghafi” huja upesi mdomoni, lakini mali ghafi husubiri kiwanda. “Haijasafishwa” ina tatizo ndani ya -ja-, kwa kuwa kiambishi hicho huahidi: ukisema mgeni hajafika, umeshamwekea chakula. Mnunuzi akisoma kwamba kofia haijasafishwa, ataona kazi imebaki, aanze kutafuta brashi ya waya. “Isiyosafishwa” haiahidi kitu, ila huitaja kofia kwa ilichokosa. Mimi nachagua “kama ilivyokutwa”. (Na kofia yenyewe siiiti chapeo: neno hilo tulilopata kwa Wareno nawaachia wasomaji wa Waraka kwa Waefeso.)

Ilikutwa wapi? Wakusanyaji wa Kijerumani hutenganisha Dachbodenfund, kilichokutwa darini, na Bodenfund, kilichotoka ardhini. Kwetu inatosha kusema kofia ya darini na kofia ya udongoni. Ya darini huwa na ngozi na rangi. Ya udongoni mara nyingi imebaki bamba tu.

Kwenye kutu, Kiswahili kimetutangulia. Chuma hushika kutu, huota kutu, kisha huliwa na kutu. Hizo ni daraja tatu za ukaguzi. Iliyoshika kutu ina utando juu ya rangi. Iliyoota, kutu imeinuka na kuibandua rangi. Iliyoliwa ina vishimo, na pengine matundu. Anayeandika “ina kutu” tu hajasema kitu.

Chukua kofia ya Kijerumani ya mwaka 1916, aliyoibuni Friedrich Schwerd wa Hannover na ambayo askari waliivaa kwa wingi kwanza huko Verdun. Igeuze. Ndani, kwenye ukingo wa kushoto, pamegongwa herufi na namba, tuseme ET64: ET ni kiwanda cha Thale, milimani Harz, na 64 ni saizi ya bamba. Kisha tazama ribiti zinazoshika ngozi. Vumbi la miaka mia huzizunguka vichwa bila kukatika. Likikatika, huenda ngozi imebadilishwa, hata kama muuzaji anaapa. Nyuma ya vipande vitatu vya ngozi mna vitakia vya manyoya ya farasi, visibonyezwe. Pitisha kidole juu ya bamba: kutu ya zamani ni nyeusi-kahawia na ngumu, ile iliyoharakishwa kwa tindikali mara nyingi ni ya rangi ya machungwa na huacha unga kidoleni.

Hatari kubwa iko kwenye kofia za mwaka 1918. Julai mwaka huo jeshi la Ujerumani liliagiza kofia zipakwe mabaka ya kijani, manjano ya udongo na kahawia ya kutu, yakitengwa na mistari myeusi yenye upana wa kidole. Yaani rangi ya kutu na kutu yenyewe hukaa jirani kwenye bamba moja, chini ya utando uleule. Anayekazana kuondoa kutu huondoa baka, pengine alilopaka askari mwenyewe, na halirudi. Hasara hii inaniuma, kwa sababu hufanywa na watu wanaozipenda kofia hizi.

Basi na vitenzi vya usafi visirundikwe kwenye “kusafisha”. Kupangusa ni kuondoa vumbi lililolegea kwa brashi laini. Kufuta kunahitaji kitambaa, na kitambaa huchukua zaidi ya vumbi. Kusugua hung’oa utando. Kupiga msasa hung’oa rangi. Kukatua huacha chuma cheupe kinachong’aa, kisicho na askari ndani yake. Muuzaji aandike kitenzi kilichofanyika, na cha kwanza tu ndicho kinachoweza kukaa pamoja na maneno “kama ilivyokutwa”.