Kibao cha duka hakipandi meli

Ukitoka Bujumbura kuelekea kusini, unapita Kabezi, kisha Rumonge na Nyanza-Lac. Mwezi wa tano 2015 watu wengi walikimbia kwa njia za ziwa hilo mpaka Kagunga, Tanzania, na meli ya Liemba ikawapeleka Kigoma. Muuza mawese aliyekimbia aliacha kibao chake ukutani. Wateja wangempatia wapi tena?

Redio nazo yaliwakuta. Mwezi huohuo RPA, Bonesha na Isanganiro zilishambuliwa, zikanyamaza. Lakini waandishi wa habari wakaanzisha SOS Médias Burundi kwenye intaneti. Studio zimevunjwa, ila habari zikafika hadi kwetu kambini.

Ni kweli, tovuti nayo huzibwa. 2017 ya gazeti la Iwacu ilizuiwa ndani ya Burundi, lakini nje iliendelea kusomwa.

Basi vijana, kikundi cha kushona au cha sabuni kiwe na tovuti yake, hata ya ukurasa mmoja: jina, kazi, bei, namba ya simu. Mfadhili akitutafuta, atukute. Na kesho tukihamishwa tena, anwani yetu inahama na sisi.