Ishara ya Bubu

Kiziwi asiyesema huenda dukani akaonyesha vidole viwili. Muuzaji humpimia kilo mbili; kumbe yeye ataka ya shilingi mia mbili. Akikataa, huitwa mkorofi.

Wanazuoni wetu walilitazama jambo hili zamani. Imam Nawawi, aliyefariki mwaka 1277, katika Minhaj aliihesabu ishara ya bubu kuwa sawa na matamshi katika mikataba. Na katika kasri ya Masultani, Istanbul, karne ya 16 na 17, watumishi viziwi walizungumza kwa mikono, na wenye kusikia wakajifunza.

Basi wewe wakushinda nini? Usimpigie kelele. Mwonyeshe bidhaa, mwandikie bei, ungoje aitikie kwa kichwa. Biashara ni kuridhiana, na asiyefahamiwa hajaridhia.