Kofia ya viua: Mnunuzi anavyouziwa ya mashine kwa bei ya mkono

Tanga. Mpenzi wa kukusanya kofia za mwambao anaweza kulipa bei ya kazi ya mkono, akafika nyumbani na kofia ya mashine bila kujua. Kwa nje zinafanana.

Kofia halisi ya viua hushonwa kwa sindano, wiki kadhaa au hata miezi, na washonaji wengi ni akina mama. Kila kitundu hutobolewa, kisha huzungushiwa uzi, ndiyo maana kichwa kinapata hewa. Ila vitundu peke yake si ushahidi, siku hizi mashine nazo zinatoboa.

Dawa ni kuigeuza ndani. Ya mashine huonyesha uzi wa chini wa cherehani, mishono imelingana mno, na nyuzi zinaruka kutoka ua hadi ua. Ya mkono haikosi mshono uliopinda kidogo.

Kuuza ya mashine si kosa. Kosa ni kuiita ya mkono: Sheria ya Alama za Bidhaa ya 1963 inakataza maelezo ya uongo kuhusu bidhaa, na Tume ya Ushindani (FCC) ndiyo inayoisimamia Bara. Mlalamikaji asiye na risiti iliyoandikwa “ya mkono” atapata tabu kuthibitisha, na sokoni risiti ya namna hiyo ni nadra.