Kosa la Kusoma

Walipompata mtoto, baba na mama wote walikuwa bado wanafunzi wa sekondari. Msichana alimlea, akamaliza shule, akaenda Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani. Alipokuwa darasani, binti yake alishinda kwenye kituo cha kulelea watoto.

Mwaka 1994 jaji wa Kaunti ya Macomb aliamuru mtoto huyo wa miaka mitatu apewe baba. Baba naye alikuwa akisoma. Ila mama yake mzazi angeshinda nyumbani na mjukuu. Kwa jaji, bibi alikuwa bora kuliko watu baki.

Mwaka 1995 Mahakama ya Rufaa ilitengua uamuzi: sheria iliuliza kuhusu uthabiti wa makao, si nani anayemshika mtoto mchana. Mwaka 1996 Mahakama ya Juu ya jimbo iliafiki kesi isikilizwe upya.

Wazazi wawili, vitabu viwili. Cha mama ndicho kilichoshtakiwa.