Karakana ya nyumbani Unguja

Karakana ya nyumbani ni chumba, banda au kona ya ua iliyotengwa kwa ajili ya useremala, uchongaji na kazi nyingine za mikono ambazo mtu huzifanya kwake, ama kwa kipato cha ziada ama kwa kujifurahisha. Katika kisiwa cha Unguja, na hasa Mji Mkongwe wa Zanzibar, karakana hizo hutofautiana na za kwingine kwa sababu ya majengo ya mawe ya matumbawe, hewa yenye unyevu na chumvi, na urithi mrefu wa kuchonga mbao.

Historia

Seremala wa pwani kwa desturi hakuhitaji jengo kubwa. Zana zake ziliingia katika sanduku moja, na kazi ilifanyika palipo na kivuli: barazani, uani au chini ya mti. Mafundi wa majahazi wa Nungwi, kaskazini mwa kisiwa, bado hufanya kazi ufukweni chini ya vivuli vya makuti, wakitumia tezo, msumeno, nyundo na keekee ya kuzungushwa kwa uta.

Kazi iliyowapa sifa zaidi mafundi wa Unguja ni milango ya nakshi. Ile ya zamani ina kizingiti cha juu kilichonyooka. Mingi ya mwisho wa karne ya 19 ina tao juu, kwa athari ya Kihindi. Mbao mbili za mlango hukutana kwenye mfaa, ambao ni ubao mwembamba wa katikati, na mara nyingi ndio wenye nakshi nzuri kuliko yote. Jumba la Beit al-Ajaib, lililojengwa mwaka 1883 kwa amri ya Sultani Barghash, lilikuwa na baadhi ya milango mikubwa ya aina hiyo. Sehemu ya jumba hilo iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020.

Mji Mkongwe uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2000. Tangu hapo mahitaji ya mafundi wa kukarabati milango, madirisha na ngazi za mbao hayajakwisha, na wengi wao hujifunza kama wanagenzi nyumbani kwa fundi. Wengine hupitia vituo vya mafunzo ya amali kama vile vya Mwanakwerekwe na Mkokotoni.

Mahali pa kazi

Nyumba za Mji Mkongwe zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na dari zake hushikiliwa na boriti za mikoko, ambazo zamani zilitoka kwa wingi katika delta ya Rufiji. Kwa kuwa boriti hazizidi sana mita 3, vyumba vingi ni vyembamba na virefu. Umbo hilo linaweza kumfaa seremala, maana ubao mrefu hupita vizuri kwa urefu wa chumba, lakini benchi la kazi halina budi kuegemezwa ukutani badala ya kuwekwa katikati.

Chumba cha chini ndicho kinachochaguliwa mara nyingi. Sakafu yake hustahimili uzito na kishindo, na mbao huingizwa bila kupandishwa ngazi nyembamba. Kasoro yake ni unyevu unaopanda kutoka ardhini, pamoja na uhaba wa mwanga. Ghorofani kuna mwanga na upepo, ila boriti za zamani hazikukusudiwa kubeba mashine nzito zinazotikisika. Msumeno wa meza au mashine ya kuranda haifai kabisa kuwekwa juu ya dari ambayo vichwa vya boriti zake havijakaguliwa, kwani ndipo zinapoanza kuoza, ndani ya ukuta, mahali pasipoonekana.

Kuta nazo zina masharti yake. Msumari unaopigwa katika chokaa laini hulegea, na ukuta hubomoka vipande. Mafundi wenye uzoefu huepuka kutundika zana moja kwa moja ukutani. Husimamisha fremu ya mbao kutoka sakafuni hadi darini, kisha hutundika kila kitu kwenye fremu hiyo. Upo pia mtego wa saruji. Anayetaka ukuta wa karakana uwe msafi huupiga lipu ya saruji, na saruji hufungia ndani unyevu ambao chokaa huuachia upumue, hivyo jiwe huharibika nyuma ya lipu. Katika eneo la hifadhi mabadiliko ya jengo huhitaji idhini ya Mamlaka ya Uhifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe, iliyoanzishwa mwaka 1985.

Ng'ambo na mashamba hali ni nyepesi zaidi: banda la bati au makuti uani, lenye sakafu iliyoinuliwa ili maji ya masika yasiingie, linatosha. Wakazi wa majumba ya ghorofa ya Michenzani hawana ua, na wengi hubaki na sanduku la zana na meza ya kukunja.

Mbao

Mbao nyingi zinazouzwa Unguja hutoka Tanzania Bara, zikiwemo mninga, mvule, mkangazi, mbambakofi na msaji. Miti ya kisiwani inayotumika ni mfenesi, mwembe, mnazi na mtondoo. Huu wa mwisho hupendwa na waunda vyombo vya baharini. Mfenesi una rangi ya manjano inayogeuka kahawia kadiri miaka inavyopita, na hustahimili mchwa. Mwembe ni rahisi kuchonga lakini dumuzi huupenda. Mnazi ni mgumu upande wa nje na laini katikati, kwa hiyo huhitaji kuchaguliwa vipande.

Ubao hutanuka na kusinyaa kwa upana wake, na kwa urefu karibu hausogei. Katika masika, kati ya Machi na Mei, ubao hunywa unyevu wa hewa. Wakati wa kiangazi huutoa. Droo iliyobana barabara Januari huweza kugoma kufunguka Aprili, na lawama ikaangukia fundi. Kwa hiyo mbao mpya hulazwa karakanani kwa miezi kadhaa kabla ya kutumiwa, zikiwa zimeinuliwa juu ya matofali na kutenganishwa kwa vijiti vya unene mmoja ili hewa ipite pande zote. Vijiti hupangwa kimoja juu ya kingine kwa mstari wima, la sivyo ubao hupinda. Ncha za mbao hupakwa rangi au nta, kwa sababu ndizo zinazokauka haraka na kupasuka.

Zana na mpangilio

Zana za mwanzo si nyingi: msumeno, randa, patasi za upana tofauti, juba kwa matundu ya ndimi, nyundo, guniya, bikari, pimamaji, keekee au dirili, tupa, msasa, kinoo na jiliwa. Kinoo ndicho kinachosahauliwa na wanaoanza, ingawa bila hicho zana nyingine zote hazina kazi.

Benchi hufika usawa wa kifundo cha mkono cha mtu aliyesimama, takriban sentimita 80 hadi 90. Wachonga nakshi wengi hawalitumii. Huketi chini juu ya mkeka na kuukamata ubao kwa miguu. Huwekwa karibu na dirisha, nuru ikitokea ubavuni, kwa kuwa nuru ya ubavuni hutoa kivuli kinachoonyesha kina cha mchoro.

Zana zinazotumika kila siku hutundikwa mahali mkono unapofika, na umbo la kila moja huchorwa kwa penseli nyuma yake. Jioni nafasi tupu huonekana mara moja. Zana zisizotumika sana hukaa sandukuni. Hewa ya bahari huleta kutu haraka, kwa hiyo chuma hufutwa kwa kitambaa chenye mafuta ya cherehani kabla ya kurudishwa. Mafuta ya nazi hutumiwa na baadhi ya watu, lakini huchacha na kunata.

Umeme

Unguja hupata umeme kupitia waya wa chini ya bahari uliotandazwa mwaka 1980 kutoka Ras Kiromoni hadi Fumba. Mwaka 2008 kisiwa kilikosa umeme kwa takriban mwezi mmoja, kati ya Mei na Juni, kisha tena kwa karibu miezi mitatu kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010. Waliotegemea mashine walisimama au wakanunua jenereta, ilhali mwenye randa na msumeno wa mkono hakuhitaji umeme. Waya wa pili, wenye uwezo wa megawati 100, ulianza kutumika mwaka 2013.

Vumbi, moto na majirani

Vumbi la mbao liliwekwa na Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, mwaka 1995, katika kundi la vitu vinavyojulikana kusababisha saratani kwa binadamu. Vumbi la mvule huwasha ngozi na huamsha pumu. Kitambaa cha pua hakitoshi. Barakoa ya vumbi hutakiwa, na kazi ya msasa ni bora ifanywe nje. Lakini nje, katika vichochoro vya Mji Mkongwe, ni dirishani kwa jirani. Saa za kazi za kupiga kelele kwa kawaida hupangwa kwa kukwepa nyakati za sala na mapumziko ya mchana.

Maranda na unga wa mbao hushika moto upesi, hasa chini ya paa la makuti, hivyo hutolewa kila jioni. Vitambaa vilivyolowa mafuta ya mbegu za kitani ni hatari zaidi, kwani vikikunjwa na kurundikwa hupata joto vyenyewe na kuwaka. Hutandazwa vikauke, au huzamishwa katika ndoo ya maji.

Kazi zinazofanywa

Kazi za kujifunzia ni mbuzi ya kukunia nazi, kigoda na fremu za picha. Bao la kete, lenye mashimo 32 kwa kete 64, hupima usahihi wa mkono, maana mashimo yasiyolingana huonekana hata na mtoto. Marfaa ya kuwekea msahafu huchongwa kutoka ubao mmoja unaopasuliwa na kuachwa umefumana katikati, bila bawaba wala msumari. Ukosefu wa subira katika pigo moja la patasi huivunja. Wengine hutengeneza vijahazi vya kuchezea, masanduku yaliyopigwa misumari ya shaba, au hukarabati udi na ganuni za taarabu, kazi inayotaka mbao nyembamba na kavu kuliko nyingine zote.