Karo ya Chuo Kikuu, na Jinsi Wazee Wetu Walivyoitafuta



Halmashauri imeniagiza niandike katika taarifa ya mwaka huu habari za karo ya vyuo, yaani jinsi ilivyopatikana tangu zamani hata leo, ili mkutano mkuu utakapozungumza juu ya Mfuko wa Elimu, wanachama wawe na habari mbele yao wala wasitegemee uvumi. Mimi si mwalimu wa historia. Ni karani, na kazi yangu ni kuandika barua na kutunza daftari. Lakini daftari nazo zina mafundisho yake, na katika daftari zetu nimeona jambo moja likirudi kila mwaka: ombi la msaada hutujia baada ya barua ya chuo kufika, aghalabu zikiwa zimebaki wiki mbili au tatu mtoto aende. Nilitaka kujua kama mambo yalikuwa hivyo tangu mwanzo.

Hayakuwa hivyo. Makerere ilipofunguliwa Kampala mwaka wa 1922 ilikuwa shule ya ufundi tu. Vijana wa Kenya waliotoka Maseno, iliyoanzishwa mwaka wa 1906, au Alliance, iliyofunguliwa huko Kikuyu mwaka wa 1926, walipotaka masomo ya juu hawakuwa na pengine karibu pa kwenda ila huko. Nafasi zilikuwa chache mno, hivyo kila aliyemaliza sekondari alijulikana kwa jina na kwa ukoo, na watu wa kwao walianza kuzungumza habari zake angali darasani. Mabaraza ya Wenyeji, yaliyoanzishwa mwaka wa 1924, yalitenga fedha za elimu kutoka katika kodi za wananchi wenyewe. Mwaka wa 1949 Makerere iliunganishwa na Chuo Kikuu cha London, ndipo digrii zikaanza kupatikana hapa hapa Afrika ya Mashariki.

Waliokwenda ng'ambo walikuwa wa kuhesabika. Peter Mbiyu Koinange, mwana wa Chifu Mkuu Koinange, alisafiri kwenda Hampton katika Marekani mwaka wa 1927, naye hakurudi hata mwaka wa 1938. Tusijidanganye: baba yake alikuwa mtu mwenye mali. Lakini aliporudi, kazi aliyoianza haikutegemea mali ya mtu mmoja. Chuo cha Ualimu cha Githunguri kilifunguliwa mwaka wa 1939, na fedha za kukijenga zilichangwa kwa marika. Rika hili lilishindana na rika lile, na akina mama wakachanga zao kwa ajili ya bweni la wasichana. Serikali ya Kikoloni ilikifunga wakati wa Hali ya Hatari iliyoanza mwaka wa 1952. Walakini ile njia ya kuchanga, ambayo kila mtu alijua zamu yake na kiasi chake mapema, haikufungwa.

Upande wa Nyanza, Oginga Odinga, naye aliyekuwa mwanafunzi wa Maseno, Alliance na Makerere, alianzisha shirika la akiba na biashara, nalo likaandikishwa mwaka wa 1947. Watu waliweka shilingi zao kidogo kidogo. Halikuwa shirika la karo, lakini nalitaja kwa sababu lilizoeza watu kuweka fedha kabla ya haja kufika.

Sasa nafika mwaka wa 1959, ambao wazee wachache waliobaki miongoni mwetu wanaukumbuka wenyewe. Mwezi wa Septemba mwaka huo ndege ya kukodi iliondoka Nairobi ikiwa na wanafunzi 81 waliokuwa wakienda kusoma Marekani. Mpango huo uliongozwa na Tom Mboya, pamoja na Dk. Julius Kiano na Kariuki Njiiri, na kule Marekani wakasaidiwa na watu kama Jackie Robinson, Harry Belafonte na Sidney Poitier, waliotia sahihi barua ya kuomba michango. Mwaka wa 1960 mfuko wa jamaa ya Kennedy ulitoa dola 100,000 kwa ajili ya safari iliyofuata. Wangari Maathai, aliyekuwa amemaliza masomo ya sekondari Loreto, Limuru, alikuwa miongoni mwa waliokwenda mwaka huo.

Watu wengi husimulia habari hiyo kana kwamba ndege ilishuka kutoka mbinguni. Sivyo. Ile ndege ilikuwa nauli tu. Kabla ya kupata kiti, kijana alipaswa kuwa na barua ya chuo kilichomkubali, na awe na ahadi ya masomo au fedha za kumtunza huko. Barua hizo hazikuandikwa kwa siku moja. Vijana walitafuta majina ya vyuo, wakaandika, wakangoja meli au ndege ilete jibu, wakakataliwa, wakaandika tena. Barack Obama, baba yake yule aliyekuja kuwa Rais wa Marekani, alikuwa karani Nairobi (karani kama mimi, ingawa afadhali yeye) akaandikia vyuo vingi hata akapokelewa Hawaii mwaka ule ule wa 1959, naye hakuwamo katika ile ndege. Na vijijini, huku kijana akingoja majibu, jamaa zake walifanya karamu za chai na ngoma za kukusanya fedha, na mifugo ikauzwa kwa wakati wake. Hivyo barua ya chuo ilipofika ilikuta fedha zimekwisha kukaa. Hilo ndilo ninaloomba wanachama walitazame.

Kwa nini tuliiacha desturi hiyo? Nadhani ni kwa sababu ya neema. Baada ya Uhuru, Serikali ililipa gharama za chuo kikuu, na aliyefuzu alitakiwa kuitumikia nchi miaka 3. Mwaka wa 1970 Nairobi ikawa na Chuo Kikuu chake kamili. Mpango wa mikopo ulianza mwaka wa masomo wa 1974/75, lakini mwanafunzi aliishi vizuri, alilala na kula chuoni na kupata fedha za mfukoni, na wengi waliomaliza hawakurudisha mkopo. Mzazi wa siku hizo alijua kwamba kazi yake ilikwisha kidato cha mwisho. Twalichanga bado, tena sana. Katika miaka ya 1970 wananchi walijenga vyuo vya ufundi kwa Harambee, kama vile Kimathi kule Nyeri na WECO kule Kakamega, ambacho leo ni Chuo Kikuu cha Masinde Muliro. Lakini tulichangia majengo. Tulisahau kumchangia mtoto atakayeingia ndani yake.

Mwaka wa 1991 Serikali ilitangaza kwamba gharama zitagawanywa kati yake na wazazi. Wengi waliona ni jambo la kupita. Mwaka wa 1995 Bunge lilipitisha sheria ya Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, nayo ikapewa nguvu ya kudai madeni. Kwa miaka mingi mwanafunzi aliyechaguliwa na Serikali alitozwa Sh16,000 za masomo kwa mwaka, na mzazi aliweza kuzipata hata kwa kukimbia kimbia. Kisha mwaka wa 2023 ukaja mpango mwingine. Kila somo likapewa bei yake, na mwaka wa 2024 familia zikagawanywa katika madaraja 5: maskini kabisa walitakiwa kulipa sehemu 5 katika 100, na wale wa juu sehemu 40. Desemba 2024 Mahakama Kuu iliamua kwamba mpango huo ulikuwa kinyume cha Katiba, na kesi ikaendelea mbele. Sitabiri mwisho wake. Ninachosema ni kwamba katika njia zote zilizojaribiwa tangu 1991, hakuna hata moja iliyomwachia mzazi mikono mitupu.

Niruhusuni niseme neno juu yangu mwenyewe, maana nimesoma maombi ya wengine kwa muda mrefu. Nilimaliza kidato cha nne mwaka wa 2007 katika shule ya misheni. Kwa miaka yote 4 baba alilipa karo ya shule kwa taabu, wala hakuna siku tuliyozungumza habari za baadaye. Ilionekana kama kujitafutia kisirani. Nilipata nafasi katika chuo kimoja cha ualimu. Barua ilifika siku 19 kabla ya kufunguliwa. Baba aliuza ng'ombe wawili kwa haraka, na anayeuza kwa haraka hapangi bei; mnunuzi aliona barua mkononi mwake. Fedha hazikutosha. Nilikwenda chuoni na nusu, nikaambiwa nirudi nikiwa na zote, na niliporudi nafasi ilikuwa imepewa mwingine. Simlaumu karani aliyeniambia. Leo mimi ndimi ninayewaandikia vijana wenu kwamba Mfuko umekwisha kwa mwaka huu.

Hesabu yake si ngumu. Nyumba inayoweka Sh500 kila mwezi tangu mtoto aingie kidato cha kwanza ina Sh24,000 atakapomaliza cha nne. Na wakati unapungua. Mtihani wa darasa la nane ulifanywa mara ya mwisho mwaka wa 2023, na katika mtaala mpya sekondari ya juu ni ya miaka 3. Sh500 zile zile zitakuwa Sh18,000. Si fedha za kumaliza chuo. Ni fedha za kumfikisha mtoto mlangoni, alale na kula, huku mkopo ukingojwa. Kadhalika miaka hiyo ni ya kutafuta karatasi: cheti cha kuzaliwa chenye jina sawa na la shuleni, vitambulisho vya wazazi, cheti cha kifo pale ambapo mzazi amefariki. Maombi niliyoyaona yakikwama kwa sababu ya herufi moja ya jina ni mengi kuliko yale yaliyokwama kwa sababu ya alama za mtihani.

Kwa hiyo Halmashauri italeta mbele ya mkutano pendekezo kwamba Mfuko usifunguliwe kwa barua ya chuo tena, bali kila mwanachama aandikishe mtoto wake akiwa angali sekondari, aweke kiasi awezacho, na Chama kiongeze chake juu ya hicho. Wako wanaopinga, wakisema kwamba asiye na kitu atabaki nje. Neno hilo ni zito, nami sina jibu lake lote. Huenda ikafaa rika au ukoo kumwekea mtoto wa namna hiyo, kama walivyofanya Githunguri. Mweka Hazina amekwisha kupiga mistari katika daftari mpya: jina la mtoto, kidato, mwezi, fedha. Ninapoandika haya kuna majina 3. La tatu ni la binti yangu.